Uzoefu Uliokoma Kuokoa: Kisa cha Mchambuzi Kijana katika Kamandi ya Mabomu ya Uingereza, 1943–1945

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinatokana na kumbukumbu za mwanasayansi mmoja Mwingereza, alizoziandika miaka mingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mahali, ndege, tarehe na idadi ya waliokufa vimeachwa kama vilivyo kwa sababu ni historia inayojulikana. Yaliyoondolewa ni majina ya watu wa ofisini. Yeye mwenyewe tutamwita Mchambuzi, bosi wake wa karibu Msimamizi, mkuu wa ofisi nzima Mkurugenzi, na mmoja wa waliokaa naye meza za karibu tutamwita Mwenzake. Kikisomwa kwa majina, kisa hiki huishia kwenye ubishi wa nani alikuwa mwoga na nani shujaa, na mfumo uliowaweka wote pale husahaulika.

Nimekiandika nikiwafikiria wanaokula kwa jasho la takwimu: watu wa ufuatiliaji na tathmini, wa bima, wa takwimu za hospitali, wa usalama barabarani. Silaha zimo, lakini ugonjwa wenyewe mtautambua.

Mazingira

Kwa muda mrefu wa vita ile, njia kuu ya Uingereza ya kuifikia Ujerumani yenyewe ilikuwa ndege kubwa za mabomu zilizoruka usiku. Zilikuwa chini ya Kamandi ya Mabomu ya Jeshi la Anga, RAF, yenye makao makuu juu ya kilima chenye msitu karibu na High Wycombe, magharibi mwa London. Tangu Februari 1942 Kamanda Mkuu alikuwa Arthur Harris, mtu aliyeamini kwa dhati kwamba kupiga miji kwa mabomu kungeimaliza vita.

Ndege iliyobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni Lancaster: injini nne, watu 7 ndani, na vibanda vitatu vya bunduki, kimoja puani, kimoja mgongoni na kimoja mkiani, jumla ya bunduki 8. Tumboni, kwa ndege zilizo nyingi, hapakuwa na bunduki wala dirisha la kutazamia chini. Sehemu hiyo ilikuja kukaliwa na kuba la rada ya H2S, iliyomsaidia msoma ramani kuitambua ardhi gizani.

Awamu moja ya kazi ilikuwa safari 30, ndipo upumzishwe. Hasara ya ndege 4 katika kila 100 kwa usiku mmoja, ukiisoma kwenye ripoti, haitishi. Sasa chukua 0.96 uizidishe kwa yenyewe mara 30: unabaki na 0.29. Yaani katika vijana 100 wanaoanza awamu, 29 ndio wanaoimaliza. Hasara ikipanda hadi 5, wanabaki 21 tu. Hadi vita inakwisha, kati ya watu wapatao 125,000 waliohudumu kwenye ndege za Kamandi hii, 55,573 walikuwa wamekufa.

Ndani ya makao makuu kulikuwa na Sehemu ya Utafiti wa Operesheni, ofisi ya raia, wengi wao wanasayansi. Kazi yao ilikuwa kusoma taarifa za ndege zilizorudi, kuhesabu zisizorudi, na kutafuta kwa nini. Mchambuzi alifika pale mwishoni mwa Julai 1943 akitokea masomo ya hisabati chuo kikuu, hata miaka 20 hajatimiza. Alikuwa akienda kazini kwa baiskeli, akikipanda kile kilima kwa kukanyaga, na mara nyingine gari la Kamanda Mkuu likampita, naye akamwona Harris kwa nukta chache kwenye kiti cha nyuma. Huo ndio ulikuwa ukaribu wao.

Mambo yalivyokwenda

Wiki ile aliyofika, ofisi ilikuwa na furaha. Usiku wa 24 Julai ndege 791 zilitumwa Hamburg zikimwaga angani mafungu ya vipande vya karatasi iliyobandikwa aluminiamu, vilivyokatwa kwa urefu wa takribani nusu ya wimbi la rada za Wajerumani zilizoitwa Würzburg. Kila fungu lilipotawanyika, rada ililiona kama ndege. Waongozaji wa mizinga na wa ndege za kuwinda walijikuta wakitazama skrini zilizojaa ndege zisizokuwepo. Zilizopotea usiku ule ni ndege 12 tu. (Ujanja huo ulikuwa tayari tangu 1942. Uliwekwa kabatini kwa hofu kwamba Wajerumani wangeuiga. Wajerumani nao walikuwa nao, wameuweka kabatini kwa hofu hiyohiyo.)

Nafuu ile haikudumu. Wajerumani waliwaachia marubani wao wawinde kwa macho juu ya miji iliyokuwa ikiwaka moto, kisha wakaleta rada ya ndegeni, SN-2, yenye wimbi refu zaidi ambalo vile vipande havikulisumbua. Majira ya baridi ya 1943 kuingia 1944, wakati wa mashambulizi ya Berlin, hasara ilirudi juu. Usiku wa 30 kuamkia 31 Machi 1944, kati ya ndege 795 zilizokwenda Nuremberg, 95 hazikurudi.

Katika kipindi hiki Mchambuzi alipewa swali lililoonekana la kawaida: je, wafanyakazi wa ndege wenye uzoefu hupotea kidogo kuliko wapya? Imani rasmi ilikuwa kwamba ndivyo, na hesabu za awali ziliunga mkono. Imani hiyo ilikuwa na kazi yake. Kijana anayejua kwamba kila safari anayorudi salama inamwongezea nafasi kwa inayofuata, ana sababu ya kujituma. Ukimwambia kwamba ya 25 ni hatari sawasawa na ya 3, umembakishia nini?

Alirudia hesabu akiwa na data nyingi zaidi. Kulikuwa na mtego ndani yake: wapya mara nyingi walianzishiwa kazi nyepesi, kwa hiyo kulinganisha kwa jumla kungepotosha. Alilitenga hilo. Jibu likatoka tupu: kufikia 1944 uzoefu ulikuwa haupunguzi hasara hata kidogo. Mkongwe wa safari 25 na mgeni wa safari 3 walikuwa wakifa kwa kiwango kimoja.

Ripoti iliandikwa. Kamandi haikuikubali. Maisha yakaendelea.

Chanzo kilikuwa angani muda wote huo. Tangu 1943 marubani wa Kijerumani wa ndege za usiku walianza kutumia mizinga iliyofungwa ikielekea juu, kwa mwinamo, nyuma ya chumba cha rubani. Wao waliiita Schräge Musik, yaani muziki wa mshazari. Rubani alifuatilia kwa rada hadi karibu, akashuka, akaingia taratibu chini ya tumbo la Lancaster ambako hakuna jicho wala bunduki, akalinganisha mwendo, kisha akafyatua juu kwenye bawa, kati ya injini, yaliko matangi ya mafuta. Hakutumia risasi za kung'aa zinazoacha mstari wa moto, hivyo hata ndege za jirani hazikuona risasi inatoka wapi.

Kinga waliyofundishwa Waingereza ilikuwa kuipinda ndege kwa mzunguko: mpiga bunduki anamwona adui, anapiga kelele, rubani anaitumbukiza ndege upande mmoja kisha anaipandisha upande wa pili. Ni mbinu nzuri, na mkongwe aliifanya vizuri kuliko mgeni. Sharti lake ni moja tu, kumwona adui kwanza.

Wenzao waliokuwa karibu waliona ndege zikilipuka ghafla, mpira wa moto, bila dalili ya shambulio. Miongoni mwa wafanyakazi wa ndege ulienea uvumi kwamba Wajerumani wana kombora maalumu la kutisha tu, linalopasuka likaonekana kama ndege inayolipuka. Kombora hilo halikuwahi kuwepo. Walichokiona zilikuwa Lancaster za kweli, na ndani yake watu 7.

Mambo mengine mawili yalitokea ofisini wakati huo, na yanafaa kusomwa pamoja na hilo.

La kwanza ni la Msimamizi. Baada ya kuona kwamba bunduki haziokoi ndege usiku, alitaka vibanda vya bunduki ving'olewe. Ndege ingekuwa nyepesi na nyembamba kwa upepo. Kwa kumbukumbu za Mchambuzi, ingeongeza mwendo kwa maili 50 hivi kwa saa. Wapiga bunduki wawili wangebaki nyumbani, kwa hiyo hata ikipotea, imepotea na watu 5 badala ya 7.

La pili ni la Mwenzake, aliyekuwa akihesabu waliofanikiwa kuruka kwa parachuti ndege ikipigwa. Kwa ndege za Kimarekani zilizoruka mchana, karibu nusu waliokoka. Kwa Halifax, ndege nyingine kubwa ya mabomu ya Uingereza, karibu robo. Kwa Lancaster, ndege iliyosifiwa kuliko zote, ni kama 15 katika 100. Alitafuta sababu hadi akafika kwenye kipimo: mlango wa dharura wa Lancaster, ule wa sakafuni puani, ulikuwa na upana wa inchi 22, kama sentimita 56. Wa Halifax ulizidi kwa inchi 2. Mvae kijana koti zito, mkanda wa kamba na parachuti kifuani, mweke gizani ndani ya ndege inayozunguka ikianguka, na utaona inchi 2 zina thamani gani.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Kamandi iliamua kutoyapokea matokeo ya hesabu ya uzoefu. Sababu rasmi hazina uzito, ila sababu ya kibinadamu inaeleweka. Mafunzo yote, nidhamu yote, hotuba zote za makamanda wa vituo zilijengwa juu ya imani kwamba ustadi unaokoa.

Pendekezo la vibanda halikufika popote. Kwa Mchambuzi sababu ilikuwa wazi: Mkurugenzi alikuwa mtumishi wa serikali mzoefu, na mwongozo wake ulikuwa kumpelekea Kamanda Mkuu yale tu anayopenda kuyasikia. Simtetei, lakini alikuwa na hoja ambayo vijana wake hawakuiona: ofisi yake iliishi kwa hisani ya Harris. Pia lilikuwepo suala la mpiga bunduki mwenyewe. Ukiwatoa wapiga bunduki, rubani atahisi ameenda vitani mikono mitupu, hata kama takwimu zinasema mikono hiyo haikuwa na kazi.

Mwenzake aliamua kuendelea kupiga hodi. Alipigana na wizara na kiwanda karibu miaka miwili kuhusu ule mlango. Kiwandani kubadilisha tundu kwenye fremu ya ndege ni kubadilisha vifaa vya kukatia, michoro na mpangilio wa kazi, na hakuna aliyetaka kupunguza idadi ya ndege kwa wiki.

Na Mchambuzi? Aliamua, bila kujua kwamba anaamua, kwenda kwenye swali lililofuata. Amelieleza hili bila kujipendelea: aliilaumu ofisi, na akajilaumu yeye hasa, kwa kutolichukulia jibu lake kwa uzito uliostahili.

Matokeo

Lancaster zilizo nyingi zilimaliza vita zikiwa na vibanda vyao vyote vitatu. Baadhi ya vikosi, hasa vya Kanada, vilijifungia bunduki za tumboni kwenye sehemu ya ndege zao, lakini haikuwa kanuni ya Kamandi nzima. Mlango mpana uliidhinishwa vita ikiwa karibu kwisha, na Mchambuzi alikadiria kwamba zile inchi 2 zilikula vijana maelfu kadhaa. Mizinga ya kuelekea juu iliendelea kuua.

Hasara ilishuka baadaye mwaka 1944, kwa sababu nyingine: Wajerumani waliishiwa mafuta na marubani, na majeshi ya nchi kavu yaliteka maeneo yaliyokuwa na rada zao Ufaransa na Ubelgiji. Sehemu ya Utafiti haiwezi kujipa sifa hiyo.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, maana kipo. Hesabu zenyewe zilikuwa safi. Kijana asiye na mafunzo ya jeshi alitambua mtego wa kazi nyepesi za wageni, akautenga, akatoa jibu lililopingana na imani ya waliomzunguka wote. Hakulichezea lifanane na matarajio. Mwenzake naye alifanya jambo ambalo wachambuzi wengi hawalifanyi: hakuishia kwenye asilimia. Alishuka kutoka 15 na 25 hadi kwenye chuma, na rula, na inchi. Ndiyo maana hoja yake, japo ilichelewa, ilishinda. Ya Mchambuzi iliishia kwenye "hakuna uhusiano", na neno hilo hufungwa kwenye faili bila shida.

Hapo ndipo penye somo la kitaalamu. Kutokuwepo kwa uhusiano kulikuwa ndiyo habari kubwa kuliko zote. Fikiria: kama hatari ilitoka kwa mizinga ya ardhini, au kwa ndege inayoshambulia kutoka nyuma, mkongwe angekuwa na faida, hata ndogo. Anajua kukwepa, anajua kutazama, haruki mstari mmoja kwa muda mrefu. Ikiwa faida hiyo imekuwa sifuri, basi kinachoua kimepita mahali ambapo ustadi haufiki: hakionekani, hakisikiki, hakitoi onyo. Uliza tu ni wapi mfanyakazi wa Lancaster haoni, na jibu ni moja, chini. Kutoka kwenye jedwali hadi tumboni mwa ndege kulikuwa na hatua mbili za fikra. Hakuna aliyezipiga, kwa sababu swali waliloulizwa lilikuwa "je, uzoefu unasaidia?", nao wakalijibu. Swali la "kwa nini uliacha kusaidia?" halikuwa la mtu.

Kuna pia suala la ushahidi. Taarifa zote zilitoka kwa waliorudi. Waliopigwa kutoka chini kwa nadra walirudi, na wachache waliorudi hawakuona kitu. Ofisi ilikuwa ikisoma kila asubuhi maelezo ya watu ambao jambo lenyewe halikuwapata. Hili kila mtu wa takwimu analijua kwa nadharia. Kilichokosekana ni kulichukua lile kombora la kutisha kama data. Wafanyakazi wa ndege wengi wanaposimulia milipuko ya ghafla bila shambulio, kuna jambo angani, hata kama maelezo yao ya jambo hilo ni uvumi. Ofisi iliyokaa kilimani, mbali na viwanja vya ndege, ilikuwa rahisi kwake kuutupa uvumi pamoja na kilichokuwa ndani yake.

Linganisha na kisa cha Monica, rada ndogo ya mkiani iliyofungwa kuanzia 1943 ili kumwonya rubani adui akikaribia kwa nyuma. Tarehe 13 Julai 1944 ndege ya Kijerumani aina ya Ju 88 ilipotea njia ikatua kwa makosa Woodbridge, mashariki mwa Uingereza. Ndani mlikuwa na SN-2, na kifaa kingine, Flensburg, kilichotengenezwa mahususi kunusa mawimbi ya Monica. Yaani kengele ya mlinzi ilikuwa ikimwelekeza mwizi nyumba ilipo. Majaribio yalifanyika, Monica ikaondolewa, na vipande virefu zaidi vya aluminiamu vikatumika dhidi ya SN-2. Mambo hayo yalichukua wiki, si miaka. Viongozi walewale, vita ileile, ila safari hii ushahidi ulikuwa umeegeshwa uwanjani na unaguswa kwa mkono.

Ni rahisi basi kusema wanajeshi hawasikii takwimu. Si kweli. Kamandi ya Pwani, iliyowinda nyambizi, mwaka 1941 ilimpata mwanafizikia Patrick Blackett, na kikundi chake kikaonyesha kwamba mabomu ya majini yaliyotegwa kulipuka futi 100 chini yalikuwa yakikosa nyambizi zilizokuwa bado karibu na uso wa maji. Kina kikapunguzwa hadi futi 25, na nyambizi zilizoharibiwa zikaongezeka. Hiyo nayo ilikuwa karatasi tu. Tofauti ninayoiona mimi iko katika njia ya karatasi. Blackett alizungumza na makamanda kama mwenzao. Karatasi za High Wycombe zilipita kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kufunika kombe mwanaharamu apite, na asiyeweza kwenda moja kwa moja kwa Harris hakuwa na mlango mwingine. Kama unaunda kitengo cha tathmini leo, jambo la kwanza la kuuliza ni nani anaweza kuizuia ripoti, na je, anayezuiwa ana wa kumwendea. Ubora wa programu ya kompyuta utakuja baadaye sana.

Limebaki moja, ambalo maandishi ya namna hii kwa kawaida hulikwepa. Kipimo cha mafanikio katika kisa chote ni ndege zilizorudi. Usiku wa 27 Julai 1943 Kamandi hiyohiyo iliwasha Hamburg moto uliozaa tufani, na mashambulizi ya siku zile yaliua zaidi ya watu 30,000, wengi wao raia. Hesabu ya Mchambuzi haikuwa na safu ya watu hao. Katika kumbukumbu zake anaeleza jinsi alivyoanza vita akipinga uuaji wa aina yoyote, kisha akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, kila hatua ikiwa na sababu inayokubalika, hadi akajikuta akiwa sehemu ya ofisi iliyotafuta namna bora ya kuchoma miji. Angefanikiwa kuigundua ile mizinga, vijana wengi wa Kiingereza na Kikanada wangerudi makwao, na mabomu mengi zaidi yangefika. Yote mawili yangetoka kwenye jedwali lilelile.